Kifua na Kilima

Maumivu ni mjumbe. Hana adabu, kwa kuwa huingia nyumbani bila ya hodi, lakini mara nyingi habari yake ni ya kweli. Wanadamu humpokea kwa njia mbili. Wako wanaomdharau, wakamfungia mlango wakidhani kuwa asiyesikilizwa hakusema. Na wako wanaomsujudia, wakaacha kazi, safari na furaha zao ili wasimwudhi. Mimi nimepata kuwa katika makundi yote mawili. Niliyadharau maumivu ya kifua changu kwa muda wa miezi minne, kisha nikayasujudia kwa muda wa miezi mingine miwili. Na katika hali hizo mbili sijui ipi iliyokuwa karibu zaidi na kuniangamiza. Insha hii yaeleza njia ya tatu, ambayo nilifundishwa nilipokuwa na umri wa miaka 57, nikajifunza kwa miguu yangu mwenyewe.

Nafundisha katika chuo kilichojengwa juu ya vilima, upande wa mashariki wa mji wa Dodoma. Mji huu umekaa juu ya uwanda wa kati wa Tanzania, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mwaka 1973 iliamuliwa kuwa ndio utakaokuwa makao makuu ya nchi. Mwaka 2016 Serikali ikaanza kuhamia kwa kishindo, na mwaka 2018 ukapewa hadhi ya jiji. Wengi wetu tuliohamia hapa tulikuja na magari yetu, viti vyetu na mazoea yetu ya kukaa. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, aghalabu kutoka Desemba mpaka Aprili. Baada ya hapo ardhi hukauka, na katika Juni na Julai upepo wa asubuhi huwa baridi kama maji ya mtungini.

Asubuhi moja ya Julai 2022 gari langu lilikuwa kwa fundi. Nilikuwa nimekwisha kula supu ya ng'ombe na chapati tatu, nikashuka katika daladala chini ya kilima, nikaanza kupanda kwa miguu, mkoba mkononi, uso wangu ukielekea upepo. Sikufika katikati ya mteremko. Nilihisi kama mtu amechukua jiwe la kusagia mtama akaliweka juu ya kifua changu, kisha yeye mwenyewe akalikalia. Uzito ule ulitambaa mpaka bega la kushoto na chini ya taya. Nilisimama. Baada ya dakika tatu hivi jiwe likaondolewa, nikaendelea na safari yangu nikisema moyoni kuwa ni gesi.

Gari liliporudi nilidhani nimepona. Walakini, kila nilipopanda kilima au ngazi kwa haraka, hasa baada ya kula na hasa penye upepo, jiwe lilirudi. Na kila niliposimama liliondoka. Katikati ya mteremko ule pana mbuyu. Nilijizoeza kusimama chini yake na kuutazama kwa makini, kana kwamba nilikuwa mwanachuo wa elimu ya mimea. Wanafunzi walipita wakiniamkia, "Shikamoo, mwalimu," na neno "marahaba" lilinigharimu pumzi niliyokuwa nikiihitaji kwa kazi nyingine. Siku moja binti mmoja aliniuliza, "Mwalimu, mbuyu huu una nini?" Nilimwambia kuwa nahesabu viota vya ndege. Juu ya mbuyu ule hapakuwa na kiota hata kimoja. Yule binti alitazama matawi, akanitazama mimi, kisha akaenda zake bila ya kusema kitu. Wazee walisema kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Na methali hiyo nilikuwa nikiifundisha darasani mwaka ule ule, nikiifafanua kwa mifano ya watu wengine.

Mke wangu ndiye aliyenifumbua. Aliona kuwa nimeacha kubeba ndoo ya maji, kuwa napumzika kati ya kiatu kimoja na cha pili, na kuwa nikitoka msikitini hubaki nyuma ya watu wote. Jioni moja ya Novemba aliketi mbele yangu akasema, "Mume wangu, sikuulizi kama unaumwa. Nakuuliza ni tangu lini." Kesho yake tulikwenda hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye umri wa kuwa binti yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipima: umeme wa moyo, shinikizo la damu, sukari, lehemu, na mwendo wangu juu ya mashine ya kutembelea huku nyaya zimebandikwa kifuani. Baadaye nilipigwa picha ya mishipa ya moyo. Miaka si mingi iliyopita Mtanzania aliyehitaji matibabu makubwa ya moyo aghalabu alipelekwa India. Tangu mwaka 2015 tunayo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete mjini Dar es Salaam, na hapa Dodoma Hospitali ya Benjamin Mkapa nayo hutibu maradhi ya moyo. Maradhi yangu yalikuwa na jina: anjina, na kwa ukamilifu wake, anjina iliyotulia.

Maana yake nilielezwa hivi. Moyo hupeleka damu katika mwili mzima, lakini wenyewe hauishi kwa damu inayopita ndani ya vyumba vyake. Una mishipa yake midogo inayouzunguka kwa nje na kuulisha. Mishipa hiyo ikiingia mafuta na kovu katika kuta zake, njia huwa nyembamba. Mtu akikaa, damu ndogo inayopita hutosha. Akipanda kilima, moyo hudai zaidi, na mshipa hauwezi kutoa zaidi. Hapo msuli wa moyo hulia njaa, na kilio chake ndicho maumivu. Mkazi wa Dodoma hahitaji kuelezwa mara mbili jambo hili. Bomba jembamba hujaza ndoo moja vizuri alfajiri, wakati jirani wamelala. Upungufu wake huonekana siku ya arusi, wakati kila mtu anataka maji. Na anjina huitwa iliyotulia inapokuja kwa kazi inayojulikana na kuondoka kwa pumziko linalojulikana. Ina dada yake mbaya, isiyotulia: huja mtu akiwa amekaa au amelala, au huzidi wiki kwa wiki, au hukataa kuondoka. Huyo wa pili haandikiwi mazoezi. Hukimbizwa hospitali saa ile ile.

Hali hii ilielezwa zamani. Mwaka 1768 tabibu William Heberden alisoma mbele ya wenzake mjini London habari za wagonjwa wake waliobanwa kifua walipokuwa wakitembea, hasa wakipanda mlima na hasa baada ya kula, na waliopata nafuu mara waliposimama. Niliposoma habari hiyo nilistaajabu, maana alikuwa ameandika juu ya supu yangu, chapati zangu na mbuyu wangu miaka 254 kabla yangu. Kuna jambo jingine katika maandiko yake ambalo sikulielewa siku ile: alimjua mgonjwa mmoja aliyejipangia kupasua mbao kwa msumeno nusu saa kila siku, akakaribia kupona kabisa.

Sikulielewa kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuhamia katika kundi la pili. Daktari alinipa dawa, na pamoja nazo barua ya kwenda kwa wataalamu wa utengamao wa moyo. Neno "mazoezi" lililokuwa katika barua hiyo lilinitisha kuliko neno "maradhi". Niliiweka barua ndani ya kitabu, nikakaa. Nilikaa barazani, nikakaa ofisini, nikaomba vipindi vyangu vihamishiwe vyumba vya chini. Desturi yetu ilinisaidia kukosea. Kwetu mzee huheshimiwa kwa kuketishwa: kiti huletwa, maji huletwa, mkoba hupokewa. Watoto wangu waliniketisha kwa mapenzi, na mimi nikapokea mapenzi yao kama amri ya daktari. Baada ya wiki sita jiwe lilianza kunijia kwa kazi ndogo kuliko mwanzo. Kutoka barazani mpaka langoni, mwendo ambao mtoto hauhesabu kuwa mwendo, ulikuwa safari ya kufikiriwa. Usiku niliusikiliza moyo wangu kama mtu anavyosikiliza mwizi juu ya paa. Sikuwa nikifa, lakini nilikuwa nimekwisha kuacha kuishi, nikingoja.

Matabibu nao walipata kukisujudia kitanda na kiti. Katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini mtu aliyepatwa na shambulio la moyo alilazwa kitandani kwa majuma mengi. Mwaka 1952 Samuel Levine na Bernard Lown wa Marekani waliandika kuwa ni afadhali mgonjwa aketishwe kitini mapema, na kwa wakati ule kiti kilikuwa maendeleo makubwa. Mwaka 1953 Jeremy Morris na wenzake walitangaza walichokiona katika mabasi ya ghorofa ya London: madereva, waliokaa kutwa, walipatwa na maradhi ya mishipa ya moyo zaidi kuliko makondakta, waliopanda na kushuka ngazi za basi lile lile. Mambo haya niliyasoma kitini kwangu, nikiwa dereva asiye na basi. Mwishowe ilikuwa aibu ya msomi, wala si ushujaa, iliyonifanya niitoe ile barua kitabuni. Mwezi wa Februari 2023 niliipeleka.

Utengamao wa moyo si mchezo wa vijana kuruka na kupiga makofi. Ni mafunzo yenye kipimo. Siku ya kwanza mtaalamu wa viungo alinitembeza katika ujia kwa dakika 6 na kuhesabu mita nilizopita: zilikuwa 310, na nilisimama mara mbili. Alinieleza kuwa mpango wangu ungekuwa wa majuma 12. Siku tatu za juma mbele ya macho yao, na siku nyingine nyumbani. Kila mwendo ungeanza kwa dakika 10 za kutembea taratibu sana, kwa kuwa moyo haupendi kushtukizwa, na ungemalizika kwa taratibu ile ile. Nilifundishwa kujipima taabu kwa namba, kuanzia 6 mpaka 20, kama alivyobuni Gunnar Borg wa Sweden. Mahali pangu palikuwa kati ya 11 na 13. Na kwa kuwa mtu hatembei na jedwali mkononi, nilipewa kipimo chepesi zaidi: ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, mwendo wako ni sawa, ukiweza kuimba, unacheza, usipoweza kuzungumza, umepita mpaka.

Pamoja na mwendo nilifundishwa kidonge. Nitrogliserini ilitengenezwa mara ya kwanza na Ascanio Sobrero wa Italia mwaka 1847; Alfred Nobel akaifanya kuwa baruti ya kupasulia miamba; na mwaka 1879 William Murrell wa London akaeleza jinsi inavyotuliza anjina. Nobel mwenyewe aliandikiwa na matabibu wake kuitumia mwaka 1896, mwaka wa kufa kwake, na hakuacha kuona ajabu ya jambo hilo. Kidonge huwekwa chini ya ulimi, mtu akiwa ameketi, kwa kuwa hulegeza mishipa na chaweza kumwangusha aliyesimama. Maumivu yasipoondoka katika dakika 5 na yakaendelea baada ya kufuata maagizo ya daktari, hiyo si anjina ya jana, na mlango wa kuelekea ni wa hospitali. Tena tuliambiwa waziwazi, bila ya haya, kuwa kidonge hicho hakikutani na dawa za nguvu za kiume za namna ya sildenafili. Vikikutana huteremsha shinikizo la damu kiasi cha kuua. Wanaume tuliokuwa chumbani tulitazama sakafu. Nina hakika kuwa sakafu ile iliokoa mtu.

Majuma ya kwanza yalikuwa ya unyonge. Nilitembea dakika 5 nikapumzika 2, mara tatu. Njia niliyoichagua nyumbani ilipita kando ya mashamba ya uwele, na huko nilikutana kila alfajiri na mzee mmoja Mgogo, aliyepita miaka 70, akienda kupalilia. "Mbukwa!" alinisalimu kwa lugha yake, nami nikamjibu na kumwamkia. Siku ya tatu aliuliza kwa nini natazama saa kama mtu anayengoja treni. Nilimweleza, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumweleza mtu asiye wa nyumbani. Alisikiliza akiegemea jembe lake, kisha akasema, "Mwanangu, ng'ombe wa kiangazi hakimbizwi, maana ataanguka. Wala hafungwi zizini, maana atakufa njaa. Huchungwa." Nilirudi nyumbani na maneno yale. Katika mafunzo yote niliyopewa, kwa maandishi na kwa midomo, sikupata muhtasari ulio bora kuliko huo.

Juma la nane jirani yetu mmoja alifariki. Alikuwa mtu wa umri wangu, na kwa majuma matatu alikuwa akilalamika juu ya gesi na kuinywea soda. Sisemi kuwa najua kilichomwua, hakupimwa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na njia ya makaburini ilikuwa tope. Wanaume walipokezana jeneza mabegani, kwa haraka kama ilivyo desturi, na zamu ilinikaribia. Nilijua kuwa kubeba mzigo begani kwa mwendo wa mbio juu ya mteremko si kazi ya namba 13. Nilijua, lakini watu walikuwa wakitazama, na marehemu alikuwa jirani yangu. Niliingiza bega.

Nilikwenda hatua 20 au 30. Jiwe la kusagia lilirudi likiwa na watu wawili juu yake. Mtu aliye nyuma yangu alinipokea, nikatoka katika msafara, nikaketi chini ya mgunga katika tope, na kanzu yangu nyeupe, nikaweka kidonge chini ya ulimi mbele ya mtaa mzima. Mbuyu wangu wa kudanganyia ulikuwa mbali. Nilihesabu dakika. Kabla ya ya tano kutimia jiwe likaondoka, na nililolihisi baada yake lilikuwa fedheha, kubwa kuliko maumivu.

Fedheha hiyo haikuishi hata jua lilipochwa. Jioni ile, matangani, mtu wa kwanza alinivuta kando: karani mstaafu, ambaye kwa mwaka mzima amekuwa akisimama njiani na kujifanya anafunga kamba ya kiatu. Siku ya pili alikuja mwenye duka. Wa tatu alikuja usiku, fundi cherehani, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kile kidonge kinafaa pia kwa mtu anayeamshwa na maumivu usingizini. Nilimuuliza ni tangu lini. Alisema, tangu juzi, na kila usiku yanazidi. Sikumpa kidonge changu, kwa kuwa dawa ya mtu si sadaka. Tulimpakia katika gari la mwanangu tukampeleka hospitali, naye hakurudi nyumbani usiku ule. Alilazwa, akatibiwa, na leo bado anashona. Mara nyingi nafikiri kuwa kama ningelibeba jeneza lile kwa siri, nikafika, nikasifiwa, tungelirudi makaburini kwa ajili yake kabla ya mwezi kwisha.

Tuna sababu ya kutoyatambua maradhi haya, wala sababu hiyo si ujinga tu. Baba zetu hawakuyajua. Mwaka 1929 C. P. Donnison aliandika kuwa katika Waafrika aliowapima huko Kenya shinikizo kubwa la damu halikuwa jambo la kukutana nalo. Mwaka 1959 A. G. Shaper na mwenzake waliandika kutoka Uganda kuwa maradhi ya mishipa ya moyo yalikuwa haba mno kwa Waafrika, hali yaliwapata Waasia walioishi katika nchi ile ile. Miaka ya 1960 George Mann wa Marekani alikuja Tanganyika kuwachunguza Wamasai, majirani zetu wa kaskazini katika uwanda huu, waliokula maziwa na nyama na walakini hawakuonekana na maradhi ya moyo. Mwaka 1972 alieleza alichokiona katika mioyo 50 ya wanaume wa Kimasai waliokufa: mafuta na makovu yalikuwamo katika kuta za mishipa, lakini mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka, damu ikapata njia. Mann aliihusisha hali hiyo na mwendo wao wa kila siku. Sisi tulirithi nyama, tukaacha mwendo. Tukaongeza sigara, chumvi na viti, kisha tukaendelea kuyaita maumivu ya kifua kwa jina walilotumia baba zetu kwa maumivu mengine.

Lakini yawezekanaje msuli wenye njaa ufaidike kwa kutumwa? Swali hili lilinisumbua mpaka nilipofahamu jambo moja. Moyo hujilisha hasa wakati wa kupumzika, katika kitambo kile kifupi kati ya pigo na pigo. Unapojikaza, hubana mishipa yake mwenyewe. Moyo uliozoezwa hupiga polepole zaidi kwa kazi ile ile, kwa hiyo hupata kitambo kirefu zaidi cha kula, na hudai kidogo zaidi. Miguu iliyozoezwa nayo hutumia vizuri zaidi hewa iliyomo katika damu, isimsumbue mpishi mara kwa mara. Na kuta za mishipa hujifunza upya kulegea damu inapotaka kupita. Kilima hakikupungua urefu. Gharama yake ndiyo iliyopungua.

Ushahidi si wa maneno matupu. Mwaka 2004 Rainer Hambrecht na wenzake wa Leipzig, Ujerumani, walitangaza habari za wanaume 101 wenye anjina iliyotulia. Baadhi yao walizibuliwa mshipa na kuwekewa wavu mdogo wa chuma. Wengine waliendesha baiskeli isiyokwenda kwa dakika 20 kila siku. Baada ya mwaka, walioepukana na misiba ya moyo na mishipa walikuwa 88 katika kila 100 wa baiskeli, na 70 katika kila 100 wa wavu. Kundi lile lilikuwa dogo. Mwaka 2020 uchunguzi mkubwa wa watu 5,179 katika nchi 37 ulionyesha kuwa kwa wengi wa namna yetu, kuharakia kuzibua mishipa hakukupunguza vifo kuliko kuanza na dawa na mwenendo mwema wa maisha, ijapokuwa kulituliza zaidi maumivu ya wale waliobanwa mara kwa mara. Basi kuzibua kuna mahali pake, na asiyeamrishwa asijiamrishe, wala aliyeamrishwa asikatae kwa sababu amesoma insha.

Mwendo peke yake hautoshi. Kila siku nameza aspirini, dawa ya kupunguza lehemu na dawa ya kupunguza mbio za moyo, na bei yake katika mwezi ni jambo la kupangiwa bajeti nyumbani kama ada ya shule. Niliacha sigara mbili za jioni nilizokuwa nikiziita burudani. Supu nimeiachia sikukuu. Chakula cha Wagogo, ugali wa uwele au mtama kwa mlenda, kimenifaa kuliko nilivyotazamia, ila kwa kiasi kidogo cha magadi, kwa kuwa magadi ni ndugu wa chumvi na shinikizo la damu halipambanui kati yao. Na asubuhi za Julai, upepo unapovuma, naanza mwendo wangu jua likiwa limekwisha kupanda, shingo na kinywa vikiwa vimefunikwa.

Mwisho wa juma la 12 nilitembezwa tena katika ujia ule ule kwa dakika 6. Nilipita mita 425, wala sikusimama. Mtaalamu alinipongeza kwa kichwa tu, kama afanyavyo mtu ambaye hakuwa na shaka, akaniambia kuwa mpango umekwisha na kazi imeanza.

Sikupona. Napenda jambo hili lieleweke, kwa sababu katika nchi yetu maneno ya kupona huuzwa kwa bei rahisi. Mishipa yangu ingali na makovu yake. Kidonge kingali katika mfuko wa shati. Na mara moja moja, nikijisahau, jiwe hunigusa kifuani likanikumbusha hesabu. Katika mazishi sasa hutangulia makaburini mapema kwa mwendo wangu, nikangoja pale na waliochimba, na hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini silibebi jeneza. Karani mstaafu na mwenye duka hutembea nami siku tatu za juma kando ya mashamba ya uwele, na mzee wa jembe hutuita kundi lake.

Kilima cha chuo nakipanda kwa miguu siku ambazo sina kipindi cha kwanza. Nachukua dakika 19. Wanafunzi huchukua 8. Mwaka jana yule binti aliyeniuliza juu ya viota alinikuta katikati ya mteremko, karibu na mbuyu. Alikuwa amekwisha kuhitimu na alikuja kuchukua cheti chake. Aliniamkia, nikamwitikia marahaba yenye pumzi kamili, kisha nikamwambia kuwa siku ile hapakuwa na viota. "Nilijua, mwalimu," alisema, akapunguza mwendo wake ukalingana na wangu, tukapanda pamoja tukizungumza mpaka juu.